Ukuta wa Matofali Makavu

Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, kwa sababu ukuta wake haukupinda hata unene wa ukucha. Kilichopinda ni tabia yake. Saidia fundi akikoroga saruji vibaya alizabwa kibao kwanza, kosa akaelezwa baadaye. Mkewe alifunga virago siku aliyorushiwa sufuria, na hakurudi tena. Simtetei, bwana yule alikuwa mkorofi. Ila kwa matofali tu ndiko alikokuwa na subira.

Kila asubuhi, kabla ya kushika mwiko, alitumbukiza matofali ya kuchoma kwenye pipa la maji na kusubiri mpaka mapovu yaishe. Tofali kavu lina kiu, alisema. Linanyonya maji yote ya saruji, na saruji ikikosa maji haishiki, inabaki vumbi. Hivyo ndivyo alivyomfundisha mdogo wake, Chapuchapu, tena kwa mkanda. Baba yao alifariki mapema, kwa hiyo mdogo mtu alilelewa na mama na kupigwa na kaka.

Basi ukaja utafiti. Serikali ilitoa nusu ya gharama na mkandarasi nusu, ili ijulikane kwa nini majengo yanachelewa na vipi mafundi watatoa kazi nyingi zaidi kwa siku. Aliyeletwa kupima alikuwa dada mpole, saa shingoni, mkononi karatasi yenye safu mbili: kazi, na muda uliopotea. Kupanga tofali kuliandikwa kazi. Kusubiri mapovu yaishe kuliandikwa muda uliopotea. Mafundi wakagawanywa makundi mawili, moja chini ya Timazi na jingine chini ya Chapuchapu, na msimamizi akatangaza kwamba kundi litakaloachwa nyuma halitapanda ghorofa ya pili. Litarudi nyumbani.

Chapuchapu alilipiga pipa lake teke siku hiyohiyo. Baada ya wiki moja ukuta wake ulikuwa umepita kichwa cha mtu mzima, wa Timazi ukiwa bado kifuani. Msimamizi akaja kumwaga maji ya Timazi. Timazi akampiga kichwa cha pua, pua ikalia kama kijiti kikavu. Msimamizi naye akashika beleshi, akamtandika ubapa wa kisogo mpaka akapiga magoti kwenye tope la maji yake mwenyewe.

Aliinuka, akafunga kichwa kwa shati, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake huku damu ikimchuruzika shingoni.

"Dogo, bomoa huu ukuta."

"Nibomoe kwa sababu umeshindwa?"

"Hukulowesha."

"Kaka, umenichapa miaka yote kwa ajili ya maji," Chapuchapu alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Leo kuna saa. Saa haina mkanda."

Mafundi wakaangua kicheko. Timazi hakuwahi kuchekwa, na damu ikamchemka. Alimvaa mdogo wake, wakabiringishana kwenye kokoto, wakang'atana, wakapigana ngumi za mdomo. Chapuchapu alitema jino. Aliponyanyuka hakukimbia, alipita kwenye tundu la mlango, akazunguka upande wa pili, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wake.

"Si unasema mbovu? Usukume basi! Usukume kama wewe mwanamume!"

"Acheni jamani!" mtafiti alipiga kelele.

Timazi hakuwa na shaka hata chembe kuhusu ukuta ule. Akarudi hatua mbili, akaupiga teke kwa nguvu zake zote.

Uliinama polepole, kisha ukaenda wote kwa pamoja. Matofali yalitawanyika mojamoja, safi, bila saruji iliyoganda, na chini yake Chapuchapu akapiga ukelele ambao waliousikia wanasema hawajausahau. Timazi alikuwa wa kwanza kufukua. Alifukua kwa kucha mpaka kucha zikang'oka, akilia na kumtukana mdogo wake asife. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika.

Hospitali waliukata juu ya goti. Polisi wakaambiwa na msimamizi kuwa ni ajali ya kazini, maana hakutaka jengo lifungwe.

Wiki iliyofuata mtafiti alimwendea Timazi na karatasi yake. "Fundi, ulijua kuwa ukuta ule utaanguka?"

Katika maisha yake hakuna msomi aliyewahi kumuuliza anajua nini. Kifua kikamjaa. "Nilijua kabla sijaugusa," alisema. Akaongeza kwa majivuno kwamba hata kipofu angejua. Mtafiti aliyaandika maneno hayo, Timazi akatia sahihi chini yake.

Ripoti ilipotoka, kulowesha matofali kulikuwa kumehamishwa kutoka muda uliopotea kwenda kazi, na ikaagizwa kwamba majengo yote ya serikali yafuate hivyo. Timazi alipewa nakala. Aliikunja vizuri, akavaa shati safi, akaenda nayo hospitali. Alitaka kuomba msamaha, lakini alitaka kwanza mdogo wake aone kwamba kaka yake alikuwa sahihi.

Mama yao alikuwa ameketi kitandani akimmenyea mgonjwa chungwa. Chapuchapu alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kwenye ukurasa wa pili, penye maelezo ya Timazi, kidole kikasimama.

"Kaka, hii sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Mimi nimelala hapa nikimwambia mama kwamba hukujua. Kwamba ulitaka tu kuutikisa, unitie woga."

Mama, ambaye hakujua kusoma, aliweka chungwa chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua karatasi kutoka kwa mgonjwa na kumpa mwanawe mkubwa.

"Nisomee," alisema. "Hapohapo alipoweka kidole."