Umanjano Hauonekani kwa Koroboi

Persis Bosibori, mkunga wa zahanati moja pale Kisii mjini, hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata chai aliinywa amesimama. Watu walimcheka, eti mkunga ana moto miguuni. Waache wacheke, walijua nini? Tangu mwaka wa hamsini na moja, mtoto wa Kwamboka, dadake, alipofariki akitokwa damu kitovuni, yeye na usingizi walikuwa hawaelewani.

Mwaka uliofuata akaitwa kwa Farah, mwenye duka la nguo. Mwanawe Salat alikuwa na siku saba. Asubuhi ile walimnyoa nywele, kama ilivyo desturi yao, na wembe ukamgusa kidogo tu nyuma ya sikio. Adhuhuri ilishapita na damu bado ilichuruzika. Ngariba naye alikuwa ukumbini, kisu tayari, akingoja kumtahiri.

"Hapana kumkata mtu hapa leo," Persis akasema akipita.

Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa, koroboi inawaka, maana mzazi na mtoto hawatoki nje kabla ya siku arobaini.

"Mama, nipe mtoto nimpeleke uani nitazame rangi yake," alimwambia Luul, nyanya wa mtoto.

"Apigwe na jicho la watu? Mtazame hapa hapa, mwanangu. Taa ipo."

"Kwa taa hiyo hata mimi ni manjano."

Luul akamkumbatia mjukuu. Persis akakizunguka chumba mara mbili, roho juu. Kumnyang'anya hakuweza, kumwacha hakuweza. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwishowe Samsam, mamake mtoto, aliinuka kitandani, akamtoa mwanawe mikononi mwa mkwewe, akaenda naye juani.

Pale uani Persis aliibonyeza pua ya mtoto, akaachia: ngozi manjano. Weupe wa macho, manjano. Nepi ilikuwa na mkojo wa kahawia, na choo cheupe kama uji. Akakinga matone ya damu kwenye kichupa, akatazama saa. Ilipita robo saa nzima. Alipokiinamisha, damu iliteleza kama maji.

"Ini lake linaumwa, ndiyo maana damu haigandi," alisema. "Twende kwa daktari sasa hivi."

Daktari alimchoma sindano ya vitamini K, na jioni damu ikakata. Umanjano ulibaki, na Persis hakumdanganya mtu: ini bado lingehitaji matibabu. Ila mtoto alikuwa ananyonya.

Kesho yake Luul alimsifu Persis mbele ya majirani. Sifa zile zilimchoma. Akashika njia ya Nyakoe kwa miguu, akamkuta Kwamboka akipukuchua mahindi, akakaa chini kando yake.

"Mtoto wako nilimtazama kwa koroboi," alisema. "Nikakwambia ni mzima. Sikufungua hata mlango."

Kwamboka alipukuchua hindi alilolishika mpaka likaisha.

"Mlango niliufunga mimi," akasema. "Mwaka mzima nangoja uniulize."