Mlango Uliosazwa

Jina la Bi Taratibu hakupewa na wazazi. Alipewa na wachimbaji wenzake kule mahameni, kwenye mji wa kale uliofukiwa na mchanga, maana kila mgeni aliyeshika mwiko kwa pupa alisikia sauti nyuma yake: "Taratibu, wewe! Hapo si shambani kwa baba yako." Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana. Alipiga magoti, akakwangua udongo kwa mwiko mdogo wa mwashi, akafagia kwa brashi, akanyanyua kigae cha chungu kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Majirani walimtania walivyotaka. "Bi Taratibu, leo umefukua nani?" Naye hujibu bila kusimama: "Babu yako. Anauliza mbona umekosa adabu."

Mahameni kule palikuwa na desturi moja. Kila nyumba waliyoifukua, walisaza sehemu bila kuigusa, pengine chumba, pengine pembe ya ua. Waliiita fungu la wajao. Watakuja watu wenye vifaa bora kuliko vyetu, walisema, na wao wakute kitu. Mkuu wa machimbo, ambaye wote walimwita Profesa, hakukubali mzaha juu ya jambo hilo, na Bi Taratibu alikuwa mkali kumshinda. Lakini moyo ni moyo. Kulikuwa na fungu moja lililomkosesha raha: chumba cha nyuma cha nyumba ya mwisho, kando ya ukuta wa mji, pamoja na lundo la mchanga lililoziba mbele yake. Alikuwa amechimba akakifikia akiwa bado mwari, akaambiwa basi, hapo paachwe. Tangu siku hiyo aliolewa, akazaa, akamzika mumewe, na chumba bado kimeziba. Kila asubuhi alikipitia akikitupia jicho la pembeni.

Sasa nikueleze habari ya milango, maana usipoijua hutajua kilichomliza. Walipofukua majiko ya mji ule, chini kabisa walikuta makaa ya magogo mazito. Juu yake, makaa ya vijiti. Juu ya vijiti, majivu ya samadi. Na juu kabisa, ndani ya majivu ya mwisho, misumari ya shaba. Misumari inatafuta nini jikoni? Wakakuna vichwa, hadi walipoangalia vizingiti na kuona matundu ambamo milango ilizungukia yako matupu. Nyumba ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, mtaa mzima hivyo. Watu wale walijenga mitaro ya maji machafu ambayo mitaa yetu haina mpaka leo, jamani, walipima ardhi, walizijua nyota, na mwisho wao, miti ilipowaishia, wakapikia milango yao. Walipoimaliza, waliondoka au walikufa. Profesa alikaa chini kwenye kizingiti siku ile.

Bi Taratibu alirudi nyumbani na jambo hilo likamkaa rohoni. Mtaani kwao walipokata mti wa mwisho mbele ya zahanati, ili magari yapate pa kuegeshwa, alisimama na kikapu chake akatazama mpaka shina likaanguka. Kisha akasema, "Haya. Milango bado tunayo." Watu wakatazamana. Wakadhani mama wa watu jua limempiga.

Halafu macho yakaanza kumsaliti. Daktari alimwambia ni presha ya macho, imekwisha kula sehemu kubwa, na iliyoliwa hairudi. Dawa ingechelewesha tu. Bi Taratibu alishukuru kwa heshima, akatoka, akajigonga kwenye fremu ya mlango wa daktari.

Binti yake ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo mazungumzo yote ya nyumba ile hupita katikati ya vitambaa. Alipopata habari alizima cherehani, jambo asilolifanya hata wageni wakija.

"Mama, mwambie Profesa akufungulie kile chumba."

"Ni fungu la wajao, mwanangu."

"Wajao, wajao! Wewe ulipokuja walikusazia nini? Umewapa wafu magoti yako, sasa unawapa na macho. Mla ni mla leo, mama. Mla jana kala nini?"

Ukweli ni kwamba Bi Taratibu alitaka. Alikitaka chumba kile hata akakiota, na akaona aibu kwa kukitaka.

Wala hakuhitaji kuomba. Profesa mwenyewe alipopata habari za macho yake alimwita pembeni, akavua kofia. "Dada," alisema, "sheria hii niliiweka mimi. Kesho nitaivunja kwa ajili yako, na atakayelalamika aje kwangu."

Basi kesho yake wakaenda wawili tu. Bi Taratibu alipiga magoti mbele ya lundo, akaanza kukwangua. Mchanga wa chini ulikuwa na unyevu. Akaendelea. Mara mwiko ukagusa kitu kisicho jiwe wala kigae, akautupa, akashika brashi.

Ulikuwa ubao. Ubao wa mlango, umesimama mahali pake, umefungwa.

"Yarabi," Profesa alisema.

Katika mji wote uliopikia milango yake, mtu mmoja hakuuchoma wake. Majiko yalizimika, watoto walilala njaa, bila shaka wa kwake pia, na yeye akauacha. Alipoondoka akaurudisha nyuma yake. Bi Taratibu alifagia sehemu ndogo, upana wa viganja viwili, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Palikuwa na rangi. Palikuwa na msumari, bado umo.

Kisha akasikia mlio mdogo, kama wa ukuni unaokaukia juani. Ufa mwembamba ulikuwa umeanza pembeni. Walijua wote wawili. Mti uliokaa karne na karne ndani ya unyevu, ukipata hewa hupasuka. Dawa ya kuushika hawakuwa nayo, na ya kuagiza ingechukua miezi mingi, na macho yale hayakuwa na miezi mingi.

"Tukiufukua leo utauona wote," Profesa alisema polepole, "na chumba pia. Kesho utakuwa vipande. Sema wewe, dada. Sitakulaumu."

Bi Taratibu alilia. Alilia kwa hasira, si kwa upole, akaupiga mchanga ngumi. "Si mngeniacha tu nisijue!" alifoka, wala hakuwa akimfokea Profesa. Kisha akaweka kiganja juu ya ubao, akaupapasa, akagusa msumari. Akachota mchanga wenye unyevu kwa mikono miwili na kuanza kufukia. Profesa akapiga magoti kando yake, wakafukia pamoja mpaka lundo likarudi lilivyokuwa.

Jioni binti alimkuta ameketi kitini, mchanga umemjaa kwenye kucha.

"Umeona nini?"

"Mlango."

"Na ndani?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Si mngeufungua, mama!"

"Mlango ungekufa. Nimeufukia."

Binti aliangusha kitambaa alichokishika. Alitaka kugomba, ukaonekana ugomvi ukimpanda, kisha akaona jinsi mama yake alivyokuwa akiutafuta uso wake, akiukosa kidogo, akitazama karibu na sikio. Akasogeza kigoda, akaketi mbele yake kabisa, akaishika ile mikono ya mchanga.

"Huo mlango una rangi gani?" akauliza.

"Buluu," alisema Bi Taratibu. "Buluu iliyokolea, na juu yake msumari. Niliiona vizuri."