Mguu Uliokulia Kiatuni

Majina ya watu ninayakumbuka yote. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini niulize nani alizaa nani hapa Manga, nitakutajia mpaka uchoke. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe watajijua.

Mjukuu wangu anakaa nami kwa sababu shule yao iko karibu na kwangu. Mama yake, mke wa mwanangu, anauza viatu vya mitumba Keroka, na hupanda huku kwetu kila Ijumaa jua likiwa bado juu ili Sabato imkute nyumbani. Msichana huyu hukimbia. Mwaka huu alichaguliwa kukimbia Nyamira mjini na wasichana wa shule nyingine, na zilikuwa zimebaki wiki tano aliporudi jioni moja akitembea kama mzee kunishinda. Miundi ya miguu yote miwili ilikuwa inamuuma kila akikanyaga. Viatu vyake mama yake alikuwa amevichagua kwenye belo la mitumba, vizuri kabisa, soli nene kama mkate.

"Magokoro," akaniambia, maana ndivyo nyanya anavyoitwa kwetu, "nimesoma kwa simu kwamba kuna watu wanavua viatu ili wakimbie, na miguu inapona."

"Watu gani?"

"Wa ng'ambo. Wengine wanalipa mtu awafundishe."

Nikacheka mpaka nikashika mlango. "Walipe kutembea miguu mitupu! Mke mwenzangu, basi mimi ni profesa."

Namwita mke mwenzangu kwa utani. Kwetu mtu na mzazi wake wana haya katikati yao, lakini mjukuu na nyanya hawana. Kwa hiyo mambo yake mengi yalikuja kwangu kabla hayajafika kwa mama yake, na mengine hayakufika kabisa. Hili nalo tulilificha. Mimi ndiye niliyesema tulifiche.

Nilimpa ndoo ndogo ya maji aiweke kichwani bila kuishika. Nikamwambia akimbie uani, kwenye nyasi pale ng'ombe anapofungwa. Maji yalimwagika yote mgongoni.

"Unakanyaga na kisigino kama unapiga mlango," nikamwambia. "Sisi tulipanda na maji kutoka mtoni kila siku, na ukimwaga unarudi. Piga hatua fupi. Goti lisikauke. Mguu ushuke kama unaogopa kuamsha mtoto."

Siku ya nne maji yalibaki nusu. Wiki ya pili alimaliza uani bila kumwaga tone, na miundi ikanyamaza. Akataka barabara. Nikakataa. Ngozi ya mguu haiazimwi, nikamwambia. Yangu ilianza nikiwa natambaa, yako imekulia kiatuni. Alinuna, lakini alitii. Baadaye nikamwachia njia ndogo inayoshuka kupitia shamba letu la chai mpaka mtoni, akimbie pole. Nilikuwa nikisimama juu kwenye migomba, nikisikiliza miguu yake ikigonga udongo. Siku za Ijumaa alikuwa anavaa viatu mapema, anaosha nyayo kwa brashi, na mama yake akifika anamkuta amekaa kama binti wa mchungaji.

Jumatatu ya wiki ya mashindano mvua ilinyesha alfajiri. Aliporudi kutoka shule barabara ilikuwa bado matope, na pikipiki zilikuwa zinateleza. Alikuwa na haraka. Mbio zilikuwa Alhamisi. Akaniuliza akimbie wapi siku hiyo.

"Pita njia ya chai," nikamwambia. "Leo ongeza mwendo kidogo."

Alhamisi iliyotangulia watu watatu walikuwa wamepogoa chai ya chini. Mimi mwenyewe niliwaita, mimi mwenyewe niliwapikia uji, na majina yao hata sasa ninayo mdomoni. Chai ikipogolewa, matawi yanaachwa pale pale yaoze, yalishe udongo. Yanalala kila mahali, hata njiani, na kila tawi limekatwa kwa mshazari, ncha yake kali kama msumari. Mtu wa chai anajua: baada ya kupogoa unavaa gambuti. Mimi ninayejisifu kwa kukumbuka nilimtuma mtoto huko miguu mitupu.

Nilisimama kwenye migomba nikisikiliza. Miguu ikashuka vizuri, haraka, laini. Halafu ikakatika. Kilio chake kilichelewa kidogo. Katika ule ukimya ndipo nilipowakumbuka wale watu watatu.

Nilimkuta amekaa chini ameshika mguu. Tawi lilikuwa limeingia kwenye unyayo, pale katikati palipo laini. Nikalivuta. Lilitoka refu kama kidole changu kidogo, na damu ikafuata. Nikamsindikiza mpaka nyumbani akirukaruka, nikamwosha kwa maji moto ya chumvi, nikafunga kwa kitambaa safi.

"Usimwambie mama," akasema.

"Sitasema."

"Alhamisi nitakimbia. Nitafunga vizuri."

"Tuone kwanza."

Sasa niwaambie kwa nini nilikaa vibaya tangu saa ile. Nilikuwa na dada aliyezaliwa baada yangu tu. Tukiwa wadogo alikanyaga mti uliochongoka, mama akautoa, tukasahau. Siku chache baadaye akashindwa kufungua mdomo ale. Taya lilikaza kama limefungwa kwa kamba. Pepopunda. Hakumaliza mwezi. Jina lake silitaji, lakini usifikiri limepotea.

Jumanne mjukuu wangu alienda shule na malapa, akisema hajambo. Jioni nilipika obokima, ule ugali wetu wa wimbi, na mboga za chinsaga. Sikula. Nilikuwa natazama taya lake.

"Mbona unatafuna polepole?"

"Ni moto, Magokoro."

"Fungua mdomo."

"Kwani mimi ni mbuzi unaninunua?"

"Fungua!"

Akafungua wazi, akanitolea ulimi. Tukacheka. Lakini alipochukua tonge lingine niliendelea kuhesabu anavyotafuna.

Jumatano alirudi mapema. Nilishika mguu wake kabla hajakaa. Ulikuwa moto kama chungu, na juu, karibu na vidole, umevimba ukang'aa. Akasema hauumi sana. Machozi yalikuwa yanamtoka akisema hivyo.

Nilijua nikipiga simu kitakachotokea. Mke wa mwanangu aliniambia mara moja, zamani, tukichuma chai mstari mmoja, kwamba alikua na funza miguuni. Kwao viatu havikuwepo. Mwalimu alimtoa funza kwa pini mbele ya darasa lote, wenzake wakimwimbia. Ndiyo sababu anauza viatu, na ndiyo sababu mtoto wake hajawahi kukosa. Hayo yote niliyajua siku niliyomwambia msichana avue. Akisikia atamchukua, na nyumba yangu itabaki na mimi na kuku.

Nikatazama lile taya tena. Nikachukua simu. Namba yake naijua kwa kichwa.

"Mama, habari ya huko?" akaitikia. Nyuma yake nilisikia watu wakibishania bei.

"Mtoto amechomwa na mti wa chai. Mguuni. Umevimba."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Hakuvaa kitu. Nilimvua viatu mimi. Ni wiki nne sasa tunakimbia hivyo, tukikuficha."

Kelele za soko ziliendelea.

"Amechomwa lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni siku gani, mama?"

"Jumatano."

"Panda naye pikipiki sasa hivi. Nitawakuta zahanati."

Kule zahanati muuguzi alifungua kidonda. Ndani kulikuwa kumebaki kipande, chembamba kama sindano ya kushonea, ambacho macho yangu hayakukiona. Akatoa usaha, akasafisha, akamdunga sindano ya pepopunda. "Mngengoja siku mbili zaidi," akasema, halafu akatazama mvi zangu, akaacha maneno hapo.

Mama yake alifika na vumbi la barabara usoni. Alimwona mtoto kwanza, kisha akaja kukaa nami kwenye benchi. Mkwe kwetu hakai karibu hivyo na mama mkwe.

"Mama, mimi nilitolewa funza kwa pini mbele ya darasa."

"Najua."

"Unajua?"

"Uliniambia tukichuma."

"Na bado ukamvua."

"Na bado," nikasema.

Alhamisi wasichana wengine walikimbia. Yeye alikuwa Keroka, mguu juu ya mto, nyuma ya viatu anavyouza mama yake. Ijumaa hakuna aliyekuja. Sabato mbili nilienda kanisani peke yangu, na walioniuliza niliwajibu wote ni wazima. Kila asubuhi nilishuka njia ya chai nikiokota matawi kwa mikono, moja moja, nikiyasukuma chini ya vichaka. Halafu napita nikipapasa kwa nyayo zangu mwenyewe. Nilifanya hivyo hata pasipobaki tawi.

Ijumaa ya tatu wakaja wote wawili. Msichana alikuwa anakanyaga sawasawa. Mama yake akatoa kwenye mfuko viatu vya raba vya kitambaa, soli unaikunja kama chapati.

"Vilikuwa chini ya belo," akasema. "Hakuna mteja anayevitaka. Wanasema ni kama kuvaa soksi."

"Mke mwenzangu, umepata soksi," nikamwambia mjukuu.

"Ile njia," mama yake akaniuliza, "umeisafisha?"

"Nimeisafisha."

"Nataka kuiona."

Tulishuka mpaka penye migomba. Hapo akainama, akavua viatu vyake, akaviweka pamoja kando ya njia. Miaka yote hii sikuwahi kuona vidole vyake. Viwili havina kucha, na kisigino kimejaa mashimo madogo ya zamani. Binti yake naye aliviangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Mama yake akashuka polepole mpaka mtoni, akikanyaga katikati, akikanyaga kando. Mara moja alisimama, akainua mguu, akautazama. Nikashika mgomba. Akaendelea. Alipopanda nyayo zake zilikuwa nyekundu kwa udongo.

"Nenda," akamwambia binti. "Na usiongeze mwendo kwa sababu nyanya amekuambia."

Binti akafunga raba zake, akashuka. Sisi wawili tukabaki pale juu, bega kwa bega, tukisikiliza miguu.