Mbwa wa Bibi na Dawa ya Kupe

Jana, nyuma ya soko la Lodwar, nilimwona mbwa akijisugua ubavu kwenye ukuta wa bucha, ngozi nyekundu, mkia hauna unyoya hata mmoja. Watu walimkwepa. Nami nilimkwepa, kisha nikasimama, maana nilimkumbuka mbwa wa bibi.

Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Kakuma. Mbwa yule, wa rangi ya mchanga, alilinda mbuzi wasiliwe na mbweha. Nilipokuwa na miaka tisa hivi alianza kujikuna. Alijikuna tukinywa chai, akajikuna tukifungulia mbuzi, mpaka manyoya yakamtoka masikioni na tumboni. Mjomba alisema auawe kabla hajatuambukiza. Bibi alimfunga mbwa kamba shingoni. Aliniita mimi.

"Mpeleke kwa mwalimu."

Mwalimu alikuwa mama wa Kikongo, mkimbizi aliyefundisha kambini na kununua maziwa kwetu. Alichuchumaa, akatazama ile ngozi kwa muda mrefu.

"Hii ni upele tu," alisema. "Mutamuogesha kila wiki. Musichoke."

Basi nikawa namwogesha kwa dawa ya kupe tuliyotumia kwa mbuzi, imezimuliwa kwa maji mengi kama mwalimu alivyonionyesha, mdomo wa mbwa nimeufunga kitambaa asijirambe. Harufu yake kali ilikaa mikononi mwangu hata nikila ugali. Baada ya wiki kadhaa vinyweleo vilichomoza. Bibi alivipapasa, akasema "Ejok," yaani ni vizuri, akarudi kukamua.

Kisha mvua ikakosa, na msimu uliofuata ikakosa tena. Mbuzi walikufa mpaka zizi likabaki miiba mitupu. Mjomba akapata lori la kutuleta Lodwar, lakini dereva alikataa mbwa. Mbwa alitufuata mbio mpaka barabara kuu, manyoya yamemjaa mwili mzima, halafu akasimama. Bibi hakugeuka. Mimi niligeuka, nikamtazama mpaka vumbi likamfunika. Sikulia. Sikumbuki kuhisi chochote.

Bibi alishafariki. Mwalimu, nasikia, alipelekwa nchi ya mbali. Mwaka jana nilipita kule Kakuma, na pale palipokuwa na boma sasa pana duka la mabati linalochaji simu. Mwenye duka, mama mmoja mpole, aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia sitafuti mtu.