Niliwakaribisha Wakubwa Wakalie Kigoda cha Marehemu

Jameni, mwenye makosa ni mimi, na nikijiangalia kwenye kioo nataka kutema mate. Ptuu!

Hapa Lodwar tulikuwa tunaanzisha makumbusho ya haki za raia. Nilipewa kazi ya kutafuta historia ya kuwekwa mle, ya Waturkana waliofungwa na mkoloni kwa kutoka wilayani bila pasi ya ruhusa. Nikafika Kakuma kwa nyanya mmoja mjane.

Mumewe alishikwa Kainuk, mpakani mwa wilaya, akipeleka mbuzi sokoni. Akaletwa jela ya Lodwar, akafia humo, na kaburi lake halijulikani mpaka leo. Kilichorudi nyumbani ni ekicholong yake tu, kile kigoda mzee hukalia mchana na kulazia kichwa usiku.

Kwetu kigoda cha mzee hakiguswi ovyo. Nyanya alinikatalia sana. Mwishowe akanipa, mkono wangu ameushika.

"Kijana yangu, hii ndio mzee mwenyewe. Watu waone, lakini mtu asikalie."

Nikaapa. Mimi, Mturkana mzima, nikaapa!

Siku ya ufunguzi, mkubwa mmoja alichoka kusimama akingoja picha. Viti vya plastiki vitupu vilikuwa tele pale nje! Lakini mimi nilikuwa natafuta kazi ya kudumu, nikajipendekeza. Nikakitoa kigoda mezani, nikakipangusa kwa shati langu.

"Keti hapa, mheshimiwa, picha itoke na utamaduni."

Akakalia na matako yake yote. Wenzake nao wakapanga foleni, kila mmoja na picha yake, na mimi napiga makofi! Kinyaa gani hiki!

Nyanya alikuwa amesimama mlangoni. Sisi wenyewe ndio tulimwalika.

Hakupiga kelele. Alipita katikati ya suti zile, akakichukua, akakifunga ndani ya shuka yake. Akaniambia polepole, "Askari walimfunga, akafa. Lakini hata wao hawakumkalia."

Kazi nilipata. Kila asubuhi nafungua mlango, napita ile meza tupu. Wageni wakiuliza, nadanganya kwamba kitu kimepelekwa kutengenezwa. Mwongo mkubwa mimi!

Wewe unayekusanya historia za watu, ukikabidhiwa kitu cha marehemu, usikigeuze ngazi ya kupandia. Utapanda, halafu utajichukia.

Juzi nilirudi Kakuma kuomba msamaha. Nikamsalimu Kiturkana, "Ejok, nyanya." Alikuwa amekaa chini mchangani, kigoda kiko kando yake, hakuna mtu juu. Akakivuta karibu naye, mbali nami.