Zamu ya Kuamia Ijumaa Kuu

Jumapili iliyopita, hapa Kibiti, mume wangu alisimama kusoma somo kanisani kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kabla hajafika mstari wa tatu, shorewanda, wale ndege wadogo wa majumbani, akaingia dirishani, nami nikacheka. Nilijaribu kukohoa ili nifiche, wapi! Mume wangu alininunia mpaka chakula cha mchana. Ilibidi nimweleze, na wewe nakueleza, usije ukaniona sina adabu.

Nilipokuwa na miaka minane tulilima mpunga bondeni, upande wa Chumbi. Mpunga ukianza kujaa maziwa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na ndege hao hawajui sikukuu. Kuanzia alfajiri hadi magharibi lazima mtu aamie, yaani awafukuze, akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba. Mama alikuwa nyumbani na kichanga, hajatoka arobaini, kwa hiyo tuliamia mimi na baba. Tulikula mihogo ya kuchemsha na kambale mkavu, tukavuta kamba zenye makopo, tukapiga kelele hadi makoo yakawasha.

Baba alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Alimpenda Mungu na alipenda mzaha, na sijui kipi kilitangulia. Hakutaka kelele zipotee bure, basi aliwafukuza ndege kwa maandiko: mstari mmoja wa Biblia, halafu "Hooo! Tokeni!" Kwenye dungu la pili jirani yetu alijibu kwa kaswida, na ndege wakaruka huku na huku.

"Ndege wako hawa wanakuja kusilimu!" jirani alipaza sauti.

"Wapokee," baba alijibu, "ila sadaka yao ni kula tu!"

Walikuwa wamepatana. Ijumaa mchana jirani akienda msikitini, baba aliamia mashamba yote mawili. Jumapili tukienda kanisani Ikwiriri, jirani alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumkumbusha mwenzake.

Mwaka huo Pasaka ilichelewa, ikaangukia katikati ya msimu wa ndege. Na mwaka huo huo baba alipewa kusoma sura ya mateso kwenye ibada ya Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri. Hakuwahi kusoma mbele za watu. Wazee wa kanisa walimwona mtu wa masihara, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Wiki nzima aliisoma sura ile dunguni. Alhamisi jioni ndipo alipojipiga paji la uso.

"Lo! Ijumaa Kuu nayo ni Ijumaa!"

Jirani alicheka kwanza, kisha akasema, "Miye n'kishatoa salamu tu, nipo njiani. Utawahi."

Siku ya siku, baba alipanda dunguni na shati lake jeupe, baiskeli ikiwa chini tayari. Saa nane ilipokaribia, alitazama njia kuliko alivyotazama ndege. Mimi niliomba kimoyomoyo. Halafu tukaona kanzu imekunjwa hadi magotini, makubadhi mkononi, mtu anakuja mbio.

"Hata dua sikuingoja," jirani alisema akihema. "Panda baiskeli, bwana mdogo. Miye nipo."

Baba alianza kushukuru.

"Kashukuru hukohuko!"

Nilidandia nyuma, tukaingia kanisani wakati wimbo wa kwanza unaisha. Baba alisoma, jamani! Sauti ilikuwa imekwaruza kwa wiki nzima ya ndege, lakini ilipendeza, na mama mmoja mbele yangu alikuwa akifuta machozi. Akafika pale Bwana anapokata roho, mahali ambapo msomaji hunyamaza kidogo. Kanisa likawa kimya. Hapo hapo shorewanda akapita chini ya bati.

"HOOO! TOKA!" baba alinguruma, mkono juu, akitafuta kamba ya makopo.

Nusu ya waumini walikuwa na mashamba ya mpunga. Waliangua kicheko, hata mchungaji alificha uso nyuma ya kitabu. Baba alimalizia sura ile. Tulirudi kwa baiskeli ileile hadi tukavuka daraja la mto.

"Nimeharibu," akasema. Nililia mgongoni kwake, na lile shati jeupe likalowa.

Tulifika bondeni jua linazama. Jirani alikuwa amesimama juu ya dungu letu, si lake, sauti imemkauka kabisa. Kwenye shamba lake, ule upande ulio mbali na dungu letu, masuke yalikuwa yamesimama matupu. Baba aliyatazama muda mrefu. Kisha akasimulia habari ya shorewanda, na jirani alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.

"Sasa, alitoka?"

"Alitoka."

"Basi kazi umefanya."

Ndipo baba naye akacheka, kicheko chake kilekile cha siku zote, na mimi nikapata nguvu ya kula.

Wakati wa kuvuna, mama alipokaribia mpaka, baba alimwambia aache upana wa hatua kumi upande wetu. "Mwaka huu mpaka umesogea," alisema. "Mto umeusogeza." Mto haukuwa umefurika mwaka ule. Jirani alimtazama, baba akawa anatazama mawingu.

Siku hizi madungu yale hayapo, na jirani tulishamzika. Baba alishika jeneza upande wa mbele. Kelele zile za asubuhi, Biblia huku na kaswida kule, nazitamani hadi kesho.

Mume wangu alisikiliza yote, mtoto amemlalia kifuani. Alikuwa ameshasahau kuninunia.

"Na ule mpaka?" akauliza.

"Binti wa jirani ndiye analima pale sasa," nilimwambia. "Haujarudi mpaka leo."