Anayesimama Nje ya Karavani

Ipo asubuhi moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: asubuhi niliyompigia kelele mama yangu mzazi asinisogelee, kisha nikaingia nyumbani kwa baba na kumzimia stima mbele ya wageni wake. Kwa watu wa kwetu, hayo ni mambo mawili ambayo binti aliyeolewa hathubutu kuyafanya hata akiwa mlevi. Mimi niliyafanya kabla ya chai, na sijayajutia mpaka leo.

Nakuhadithia kwa sababu naona vijana wa siku hizi mmezipenda sana karavani. Wengine mnauzia humo chipsi na samaki karibu na ziwa, wengine mnazivuta mpaka nyumbani kila Desemba ili msigombanie vitanda. Ni jambo zuri, na mimi simkatazi mtu. Nimefanya kazi ya stima mjini Kisumu tangu nikiwa msichana mpaka magoti yakakataa ngazi. Ninachotaka ni usikie yaliyotukuta, kabla hujachomeka plagi kwenye soketi ya nyumba ya mtu.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa na Barasa, Mluhya wa upande wa Busia, mtu mrefu, mwenye mzaha mwingi, aliyekuwa dereva wa kampuni ya kujenga barabara. Kampuni ilipomaliza kazi Sondu ikamwachia karavani kuukuu walimokuwa wakilala wahandisi. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu, ina kitanda, jiko la gesi, na friji fupi inayonguruma mchana kutwa. Tuliipenda sana. Barasa alikuwa akiipangusa vumbi kabla ya kupangusa viatu vyake.

Mwaka huo mama alilazwa hospitalini, akapatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari aliagiza achomwe sindano ya insulini kila asubuhi, na dawa ikae mahali pa baridi. Nyumbani kwa baba, Kisian, stima ilikuwa imeingia karibuni tu, na hapakuwa na friji. Wa kumchoma sindano nilikuwa mimi, maana mama mwenyewe mkono ulikuwa unamtetemeka, na kaka yangu Okoth akiiona sindano anatafuta kiti cha kukalia.

Sasa tungelala wapi? Mkwe halali katika boma la wakwe zake, hilo unalijua. Barasa akasema tuvute karavani, tuiegeshe nje ya lango, kando ya ule ua wa minyaa, tunayoiita ojuok, unaozunguka boma. Hapo yeye atakuwa hajalala kwa wakwe, nami nitakuwa karibu na mama. Baba aliifurahia sana akili hiyo. Alikuwa akiwaonyesha majirani karavani ile kana kwamba ameinunua yeye.

Lakini kama mkwe halali kwa wakwe, mama mkwe naye haingii anapolala mkwe wake. Kwa hiyo tukapatana kwamba kila asubuhi mama atakuja mpaka mlangoni, asimame nje kwenye nyasi, ashike kile chuma cha kupandia ili asiyumbe, nami nimchome sindano nikiwa nimekaa kizingitini. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika mpango huo, hata mimi.

Siku mama alipotoka hospitalini, Barasa alitangulia na karavani mchana, mimi nikabaki hospitalini mpaka mama aliporuhusiwa. Tulipofika Kisian jioni, taa zilikuwa zinawaka ndani ya karavani na friji inanguruma.

"Nani ameunga?" nikauliza.

"Ni mimi," Okoth akasema, kifua mbele. "Na imeshika vizuri."

"Umeunga na waya gani?"

"Waya si ni waya tu? Atieno, si taa inawaka? Unataka iwake aje?"

Nikaanza kwenda nyumbani kuangalia mwenyewe. Baba akanizuia. "Wacha mambo ya kazi. Umeleta mama yako, kaa chini ukule." Nilikuwa nimechoka, na baba alikuwa na furaha ambayo hatukuiona tangu mama augue. Nikakaa, nikala.

Usiku kukanyesha. Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika lakini nyasi zimelowa chapachapa. Nikawa nashuka bila viatu kumwaga maji ya kunawa. Mguu ulipokanyaga nyasi, na mkono bado umeshika chuma cha mlango, kitu kikanipiga kutoka kiganjani mpaka begani, nikaangusha beseni. Mtu wa kazi yetu haambiwi hicho ni nini.

Sikiliza vizuri hapa, mwanangu. Usiku kucha tulikuwa tumelala humo, tumeshika kila kitu, na hatukusikia lolote; hata jioni tulipopanda tulikuwa na viatu, na nyasi zilikuwa kavu. Karavani imekaa juu ya matairi ya mpira, na aliye ndani yake hagusi ardhi. Bati lote likijaa stima, yeye atakunywa chai na kupiga mluzi. Anayepigwa ni yule anayesimama chini, kwenye ardhi yenye maji, akaigusa.

Nikainua macho nikamwona mama anatoka langoni. Hakuwa na viatu. Leso ilikuwa imelowa pindoni, na mkono alikuwa ameshaunyoosha kutafuta pa kushika.

"Mama, simama! Usiguse! Rudi nyuma!"

Mama alikuwa ametoka hospitalini jana yake tu, moyo wake umechoka. Kilichonitikisa mimi kingemuua pale pale. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu ilipotoka ilitoka kama ukali. Alisimama, akanitazama, nikaona nimemuumiza. Sikuwa na nafasi ya kumbembeleza. Nikampigia Barasa kelele asishuke, nikakimbia mpaka nyumbani kwa baba.

Sebuleni walikuwemo wazee waliokuja kutoka Seme kumpa mgonjwa pole. Walikuwa wanakunywa chai, redio inasoma habari. Nilipanda kiti bila kumsalimia mtu, nikaivuta chini swichi kubwa. Redio ikanyamaza katikati ya neno.

Ndipo nikaiona kazi ya Okoth. Ncha mbili za waya, uchi kabisa, zimesukumwa kwenye matundu ya soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Waya wenyewe ulikuwa ule mwembamba wa nyuzi mbili ambao watu hufungia spika. Ulipita dirishani, ukalala kwenye matope, ukapenya ua, na katikati ulikuwa umeungwa na kufungwa kwa karatasi ya nailoni iliyotoka kwenye mkate.

"Atieno!" Baba alikuwa amesimama. "Umekuja kunizimia nyumba? Mbele ya wazee?"

"Baba, ile karavani mwili yake yote iko na stima. Mama alikuwa anaishika."

"Okoth ameunga, na watu wamelala salama. Wewe ukiamka ndio kunakuwa na shida?" Kisha akasema lile lililonichoma: "Hii ni nyumba yangu. Yako iko kwa Barasa."

Nilitoka. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha maharage. Nikamwambia Barasa afunge karavani kwenye gari twende zetu, na wao wabaki na ujuaji wao. Barasa akaanza kutafuta viatu vyake.

Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Dani, alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua mboga. Alikuwa amesikia yote. Akaniita, "Nyathina, mtoto wangu, kuja hapa."

Nikaenda.

"Umekemea mama yako kama mtu anafukuza ng'ombe kwa shamba," akasema. "Umezimia baba yako stima. Hiyo yote umefanya sawa. Sasa unaenda wapi?"

"Naenda kwangu, Dani. Baba amesema."

"Na ukienda, nani atakaa kwa hiyo swichi? Okoth atawasha. Hata Barasa akivuta nyumba yake aende, kesho wataunga kitu ingine na njiti za kiberiti. Alafu mama yako atakufa, na wewe utakuja kulia kushinda sisi wote." Akarudi kwenye mboga zake. "Kitu unajua, usitoroke nayo. Rudi uwaonyeshe. Baba yako maskio yake imefungwa leo, lakini macho ni mazima. Na hiyo dawa ilete hapa isiharibike."

Nikaileta. Akaifunga vizuri kwenye nailoni, akaitia kwenye mtungi wake wa maji ya kunywa uliokuwa penye kivuli, baridi kama kisima. Mimi fundi nilikuwa sijakumbuka kwamba pale bomani baridi ilikuwapo tangu zamani.

Mwanangu, niliona aibu kidogo, lakini aibu ya kunisaidia. Nilirudi sebuleni, nikawasalimu wazee mmoja mmoja kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Kisha nikamwambia baba, "Nipe nafasi nikuonyeshe kitu kimoja tu. Nikikosea, nitaiwasha mwenyewe na sitasema tena."

Mzee mmoja wa Seme akasema, "Mtoto ameomba vizuri." Baba akachukua fimbo yake, akanifuata.

Nilivaa buti za mpira za Barasa. Mama nilimchoma sindano yake, nikamwacha ndani kwa Dani, kila mtu nikamweka mbali na bati, Okoth nikamweka kwenye swichi. Nilipomwambia awashe, nikagusisha ncha ya testa, ile bisibisi ya kupimia stima, kwenye kile chuma cha kupandia. Kale ka-taa kadogo kalikomo ndani ya mpini kakawaka, kekundu. Nikatoa, kakazima. Nikagusa tena, kakawaka. Nikajaribu bawaba, nikajaribu kitasa, ni vile vile. Baba akasogea, nikamshika koti asikaribie zaidi.

"Hapo ndipo min Okoth alikuwa anaweka mkono," akasema, akimaanisha mama yetu. Hakuwa anasema na mtu. Kisha akapaza sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Okoth! Zima! Zima hiyo kitu!"

Stima ilipozimwa alikwenda mwenyewe, akang'oa zile njiti, akaukunja waya wote na kwenda kuutupa chooni. Aliporudi aliniuliza, kwa adabu ambayo baba huwa hampi binti yake, "Sasa fundi, tufanye aje?"

Nilimwambia. Barasa alikwenda mjini akarudi na waya mnene wa nyuzi tatu, wa kutumika nje, mrefu wa kufika bila kuungwa katikati. Nyuma ya friji nilikuta waya wake umesuguana na bati njia nzima kutoka Sondu mpaka ngozi ikatoka, na hapo ndipo stima ilipokuwa inavuja. Nyumbani kwa baba nikakuta waya wa ardhini unaning'inia nje ya ukuta, haukufungwa kwa kitu. Nikachimbia chuma ardhini, nikaufunga, nikaupima. Okoth alinishikia vifaa, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Sasa nikwambie na wewe, na usiseme hukuambiwa. Taa kuwaka si ushahidi wa usalama. Kabla hujaunga karavani kwa nyumba ya mtu, pima kwanza ile soketi ujue kama waya wake wa ardhini umefika ardhini kweli. Uzi ule wa tatu, ambao watu huukata wakidhani ni wa mapambo, ndio unaoshikanisha bati la karavani na ardhi, ili stima ikivuja ishuke nao, fyuzi ikatike, nawe ubaki gizani ukilalamika, lakini mzima. Weka na kile kikatio kinachojizima chenyewe stima ikianza kuvuja. Siku hizi vinapatikana, na bei yake haifikii ya jeneza. Waya uwe mnene na uufungue wote. Ukiuacha umejiviringa kwenye gurudumu lake na friji na birika vinavuta pamoja, utapata moto mpaka uyeyuke. Usiupitishe chini ya lango ambapo ng'ombe wanakanyaga, wala kwenye dirisha litakalofungwa juu yake, na maungio yasilale kwenye maji.

Zima kila kitu ndani ya karavani kwanza, na soketi ya nyumbani iwe imezimwa. Chomeka upande wa karavani, ndipo uchomeke upande wa nyumba, ndipo uwashe. Ukiondoka, zima, na uanzie nyumbani kuchomoa. Na kila ukishawasha, shika testa uguse bati kabla mtu mwingine hajaligusa. Na ukimkuta mtu ameshikwa na stima, usimvute kwa mkono, maana mtakuwa wawili. Kimbilia swichi kubwa, uzime, haijalishi nyumba ni ya nani na wamekaa akina nani.

Na ukishazima, usiondoke. Hili si langu, ni la Dani. Watu watakukasirikia, na wengine watakuambia maneno yatakayokuuma. Kaa hapo hapo uwaonyeshe mpaka waone. Ukiwaachia hasira yako, watawasha tena.

Kesho yake asubuhi nyasi zilikuwa zimelowa vile vile. Mama alikuja langoni bila viatu, maana hakuwahi kunisikiliza juu ya viatu. Alifika mlangoni, akasita, akanitazama.

"Nishike?"

"Shika, mama."

Akashika. Nikamchoma sindano. Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, akawalea wanangu wote.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akubariki uwe na nyumba, iwe ya mawe au ya kuvutwa na gari. Akupe macho ya kuwaona walio nje wakati wewe uko ndani umestarehe, na kila atakayeweka mkono mlangoni pako auondoe ukiwa na uhai.